Bonde la Bibi Mwanaidi

Mbwawa, Kibaha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imefika? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Nimeona bora niandike, maana kwenye simu ungesikia "haloo" yangu tu ukajua nimelia.

Kazi iliyonileta huku unaijua: kuchora mtambo wa kusafisha majitaka ya nyumba hizi mpya, maji yakishatakata yatumike tena kumwagilia bustani. Kaka Idi aendelee tu kuniita mhandisi wa vyoo. Siku hizi natamani hata huo utani wake. Jioni nikifunga ofisi sina hata wa kumwambia kwamba leo jua lilikuwa kali.

Nilikuwa naye mmoja, Bibi Mwanaidi, mkulima wa jirani. Siku ya kwanza, nahangaika na vipimo vyangu, alinivuta barazani kwake akanipakulia wali na kisamvu. Tangu hapo ikawa kila siku, "Mjukuu wangu, umekula?" Nami nikamwuliza, mvua ikinyesha, maji ya huku yote yanakimbilia wapi? Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye bonde lake la mpunga. "Hapa," akasema, kafurahi kweli kunisaidia.

Mama, majitaka nayo hufuata mteremko. Mabwawa ya kusafishia nikayachora palepale, kwa mkono wangu huu. Nilipozinduka kwamba bonde lake litachukuliwa, nikamsihi bosi tuyahamishie juu, maji tuyasukume kwa pampu. Akakataa katakata: umeme ukikatika, uchafu utafurika majumbani mwa watu. Na ni kweli, ndiyo maana inaniuma.

Juzi nikaenda kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu wa fidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyekuonyesha?" Akaingia ndani.

Leo nimepika tambi, nikazitia kwenye bakuli lake lililobaki kwangu, maana ulitukataza kurudisha chombo cha watu kitupu. Nimebisha hodi mara tatu. Alikuwamo, nimemsikia akikohoa. Nimerudi na bakuli lake mkononi.

Nisalimie Baba Mdogo na Shangazi Rehema wa dukani. Kaka Idi msalimie pia, ila haya usimwambie, atanitania na safari hii sitaweza kucheka.

Unijibu upesi, Mama. Ulitufundisha kwamba mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, aondoke. Je, kesho yake anaruhusiwa kurudi?

Ni mimi mwanao,
Zuhura