Ule Mchezo wa Maharamia Uliokwenda Nao Ukunda

Baba Mwanasha,

Salamu nitakutolea, maana sikulelewa kuandika bila salamu. Assalamu alaykum. Watoto ni wazima. Mimi usiniulize.

Wakumbuka uliporudi na lile boksi la mchezo kutoka hotelini Diani, ulilopewa na wageni waliokuwa wakifunga safari kwao? Maelezo yalikuwa ya Kijerumani, hatukuambulia neno. Basi ukakaa mkekani na watoto ukatunga sheria zako. Kisiwa kikubwa ukakiita Chale, bandari ya mbali ukaiita Jego, na kila haramia sharti achague: ama alinde hazina yake, ama aende kuiba ya mwenzake. Mwanasha alikuwa mdogo, mbio zake zote ni kuiba. Ulikuwa ukimwambia, "Polepole, mwanangu. Linda kwako kwanza." Nami jikoni nakaanga mihogo huku nacheka. Nilikupenda jioni zile, sitakataa.

Kisha ukaoa Ukunda, mimi ukaniacha. Talaka niliimeza. Boksi lilibaki, na watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani walikuwa wakicheza, ile meli nyeusi uliyokuwa ukichezea wewe wakiisukuma kwa zamu ili nawe uwemo.

Idd iliyopita ukaja na mtoto wa mkeo. Nikawapakulia biriani, nikawatandikia mchezo wacheze wote. Wakati wa kuondoka yule mtoto akaangua kilio, hataki kuachana na meli. Nikasema, "Basi na auchukue."

Baba Mwanasha! Wewe umezaliwa Msambweni, hukuletwa juzi na basi. Wajua fika kwamba mwenye nyumba hutoa kwa adabu, na mgeni naye hukataa kwa adabu. Marehemu mama yako angeapa kwa Mungu kwamba hachukui kitu. Wewe ukasema, "Ahsante, Mama Mwanasha," ukalifunga boksi nyuma ya pikipiki, kamba juu ya kamba. Watoto wetu wamesimama mlangoni wanakutazama.

Nami ningesemaje? Kitu nimeshakitoa kwa kinywa changu, na mtoto wa watu hana kosa. Nimebaki na uchungu mpaka leo, na hasira pia, tena si haba. Nilikungojea useme "la" tu. Hilo nalo lilikushinda.

Juzi ulipopita kuleta unga uliniuliza mbona nyumba kimya, nikakudanganya kwamba wamelala. Hawakulala. Mwanasha aliisikia pikipiki yako ikikata kona, akamvuta mdogo wake Bakari chini ya kitanda, akamziba mdomo kwa kiganja. Ulipokwenda zako nikawatoa, nikamuuliza Mwanasha ana nini.

Akaniambia, "Mama, baba akimtaka Bakari, wewe utampa."

Kaa salama huko uliko.

Mama wa wanao,
Msambweni