Gari Likisimama

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji na watoto, na zaidi Mama, ambaye najua ameshavuta kiti karibu ili asomewe. Goti lake linaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kupaka, si ya kuweka juu ya kabati. Na wewe je, kifua kimepona? Sisi huku wazima. Mke wangu anawasalimu. Mguu wangu unauma kidogo asubuhi kukiwa na baridi, halafu ukishapata moto unasahau kwamba uliwahi kuvunjika, nami nasahau pamoja nao.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nakujua, kaka. Kwenye simu tukifika kwenye neno usilolitaka, ghafla mtandao unakuwa mbovu, tena upande wako tu. Barua haikatiki. Nina ombi moja: msomee Mama kwa sauti, lakini kuna mahali nitakuambia uache, na hapo uache kweli.

Unajua kwamba tangu tajiri niliyekuwa namwendeshea alipouza malori yake, nimekuwa mtu wa kuamka mapema bila pa kwenda. Nafagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Mke wangu hajalalamika hata mara moja, na hilo ndilo linalonitia hofu. Basi nikasema nitafute kampuni, lakini safari hii nichague mimi, nisichukue ya kwanza itakayoninyooshea ufunguo.

Ya kwanza niliyoiendea ni ile ya mishahara. Ofisi yao ina ubaridi wa kuhifadhia samaki, na dada wa mapokezi amevaa sweta mchana kweupe. Waliniambia kazi ipo, mshahara haucheleweshwi, na mbele ya usukani kuna kamera inayomtazama dereva safari nzima, hata akijikuna pua. Gari hupewi moja, leo hili kesho lile, kama mpangaji anayehamishwa chumba kila akizoea kitanda. Kisha wakanijaribisha sare. Suruali ndefu kuliko zote walizonazo iliishia juu ya vifundo vya miguu, na msimamizi akacheka mpaka akakaa chini. Sikuikataa kazi yao. Niliiweka akiba kama tairi la spea, ukijua lipo unalala, lakini huombi ufike siku ya kulifunga.

Ya pili ni ya mama mmoja mwenye malori matatu, nyuma ya duka la magunia. Madereva wanamwita Mama Turubai, kwa sababu haruhusu gari kutoka kabla hajavuta kamba za turubai kwa mikono yake. Yeye anakodisha gari mwezi kwa mwezi na hakuahidi chochote. Alisema wazi kwamba lori ni lake na litabaki lake, injini na giaboksi ni juu yake, matairi tunagawana, mizigo najitafutia mwenyewe au nachukua yake nikipenda. Ukiumwa, unalirudisha uani kwake, unamkabidhi ufunguo, na kodi inasimama hapo hapo. Mkataba wenyewe ni karatasi mbili. Nitamrudia baadaye, maana ana sharti moja.

Siku ile sikumthamini, nakiri. Kwa sababu ya tatu ndiyo iliyonichukua moyo, ile yenye geti la bluu.

Pale neno ni moja tu: gari litakuwa lako. Limeandikwa ukutani, mlinzi analisema akikufungulia, na afisa wa mikataba, ambaye mimi nampa jina la Bwana Kalamu kwa zile kalamu nne za mfukoni, analisema kila akivuta pumzi. Unalipa kidogo kidogo kutoka kwenye kila safari, na siku ukimaliza, kadi ya gari inaandikwa jina lako. Kaka, sikufichi, nilirudi nyumbani natembea kama nina lori mfukoni. Usiku ule mke wangu aliusoma mkataba kwa sauti mezani, mimi namenya machungwa, na kila akifika mahali pabaya ananitazama, nami nasema endelea. Matengenezo ni kwenye gereji yao tu, kwa bei yao. Mizigo wanachagua wao, ukikataa mmoja ni kosa. Haruhusiwi mwingine kushika usukani ila wewe uliyesaini. Mke wangu alisema hilo gari litakuwa langu siku ambayo mimi nitakuwa nimeshakuwa lao.

Ndipo nilipokupigia. Kumbuka nilivyokuwa nachangamka, na nilipotaja geti la bluu ukaniuliza kama huku kumenyesha. Nikadhani mtandao. Halafu ukasema, taratibu kama mtu anayeshusha kitu kizito, kwamba nisiwaulize gari litakuwa langu lini, niwaulize likisimama linakuwa la nani. Nilikuuliza una maana gani, na hapo ndipo mtandao ulipokuwa mbovu kweli.

Kaka, hapa ndipo pa kuacha kumsomea Mama. Mwambie nimeanza habari za spea, atachoka mwenyewe.

Nilirudi geti la bluu kuoneshwa gari. Tukiwa tunapita katikati ya malori uani, nikamwuliza Bwana Kalamu swali lako. Alifurahi, akasema ni swali zuri na wachache wanaliuliza. Akaeleza kwamba gari likikaa bila kwenda barabarani kupita muda walioruhusu, linarudi kwa kampuni, na yote uliyolipa yanahesabiwa kuwa kodi ya kulitumia. Nikauliza hata mtu akiwa mgonjwa. Akasema hata akifiwa, kwani lori halijui msiba.

Kisha, kwa nia njema kabisa, akanipa mfano ili nijifunze. Alisema miaka ya nyuma walikuwa na dereva mmoja, mtu mfupi, mpole, hodari kuliko wote waliowahi kupita pale, na alikuwa amebakiza kidogo sana gari liwe lake. Dereva huyo akaenda kuliegesha nje ya hospitali na kukataa kuondoka, ati mdogo wake ameanguka kutoka juu ya mzigo akifunga turubai na hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Wakampigia simu, wakatuma watu. Akaomba dereva mwingine amshikie gari kwa muda, wakamsomea kifungu. Mwishowe akaja mwenyewe, akaweka ufunguo mezani bila kugombana na mtu. Alichosema tu ni kwamba breki ya nyuma kushoto inashika, waiangalie kabla hawajampa mwingine. Bwana Kalamu akatikisa kichwa, akasema mtu mzuri yule, lakini hakuwa na akili ya biashara.

Nilijiambia madereva wafupi ni wengi, na wadogo zao wanaoanguka ni wengi pia. Kisha akanifungulia mlango wa lori alilonichagulia. Limepakwa rangi mpya, nyeupe, siti mpya, zulia jipya. Nikapanda. Na pale kando ya gia, kimefungwa sakafuni kwa bolti mbili, kipo kile kisanduku cha chupa ya chai.

Ni kile kile, kaka. Mbao za kichwa cha kitanda chetu kilichovunjika, na rangi ya kijani bado imo kwa ndani. Upande mmoja uko juu kuliko mwingine, kwa sababu niliukata mimi kwa msumeno butu, na wewe ukawa unasema kwa miaka kwamba chupa yako inaegemea kwa vile chai imelewa. Madereva wote waliopita wamekiacha, maana kinafaa. Bwana Kalamu akanieleza kwa fahari kwamba lori hilo limepita mikononi mwa wengi. Nikamwuliza limeshakuwa la nani kati yao. Akasema bado, bado, lakini mimi ninaonekana ni mtu wa kumaliza.

Nilikaa kwenye ile siti nikaweka mikono usukanini, na machozi yakanitoka kama mtoto. Nikamwambia ni vumbi. Zulia jipya, kaka, vumbi litoke wapi?

Miaka yote hii tumejua lori lako uliliuza. Ulituambia umepata bei nzuri na umechoka na barabara, ukaenda kukaa nyuma ya kaunta ya duka la spea. Pale hospitali nilikuuliza nani anaendesha, ukasema yuko mtu. Nilipopona nikawa nakutania mbele ya watoto kwamba mjomba, shangazi, wote wanaogopa nyoka, wewe unaogopa kona. Ulicheka nasi. Uliwezaje kucheka?

Sasa nikuambie ukweli wote, maana ndio ulionifanya niandike. Nilitaka kusaini. Kalamu niliishika. Nilikuwa nimeshaona nitakavyoliingiza uani kwako na kupiga honi mpaka shemeji atoke na mwiko, nikupe ufunguo nikuambie hili hapa, limerudi. Hakuna kitu nimewahi kukitaka hivyo. Lakini kifungu ni kile kile, hawajabadili hata nukta. Siku Mama akianguka, au wewe, mimi nitaegesha, kama ulivyoegesha, na litarudi kupakwa rangi nyingine. Swali lako lilinishika mkono. Nikairudisha kalamu mfukoni mwa mwenyewe, pamoja na zile nyingine tatu.

Niliomba kitu kimoja tu kabla sijatoka. Fundi wao alinitazama kama nimepungukiwa, Bwana Kalamu akasema chukua, hakipo hata kwenye mkataba. Nikafungua bolti mbili, nikatoka geti la bluu na kisanduku kwapani.

Nimesaini kwa Mama Turubai. Sharti lake ni hili: magari yake ya safari ndefu yanaendeshwa na madereva wawili, wanaopokezana. Alisema marehemu mume wake alikuwa akiendesha peke yake bila kupumzika. Hajali dereva wa pili ni nani, mradi apande naye mara moja aone anavyoshuka mlima. Nilimwambia ninaye mtu. Akaniuliza kama mtu huyo bado anaitaka barabara, nikasema sijui, maana mwenyewe alisema amechoka nayo.

Basi nikampigia shemeji. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Hakusema neno kuhusu geti la bluu, alisema tu kwamba ulimwapisha. Lakini alinisimulia kwamba leseni yako haijawahi kulala. Kila inapokaribia kuisha unavaa shati la kwenda mjini, unaaga kwamba unakwenda kununua betri za redio, na unarudi na leseni mpya bila betri. Na lori likipita barabarani mbele ya duka lenu, unaacha mteja na kusikiliza mpaka libadili gia.

Kaka, mtu aliyechoka na barabara hafanyi hivyo.

Nafasi ya pili kwenye mkataba iko wazi. Sikuandika jina lako, kwa sababu mtu mzima hasainiwi, na kwa sababu ulishaamuliwa na wengine vya kutosha. Mama Turubai atasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Ukikataa sitauliza, nitatafuta mwingine na nitabaki mdogo wako. Hilo lori halitakuwa letu kamwe, nalijua. Lakini likisimama, tutakuwa tumelisimamisha sisi kwa sababu yetu, na asubuhi yake tutalikuta pale pale tulipoliacha. Nakushukuru kwa mguu huu. Ningekushukuru zamani kama ungenipa nafasi.

Unaweza kumwita Mama arudi. Mama, nakupenda, paka dawa. Msalimie fundi cherehani jirani, na watoto waambie baba mdogo atakuja na lori refu kama yeye mwenyewe. Shemeji, shukrani, na samahani kwa kukutia matatani.

Kisanduku nimeshakifunga kando ya gia. Bado kimepinda, sikukinyoosha. Tatizo ni kwamba nilikipima kwa chupa yako, na chupa yangu haiingii. Njoo na yako.

Ni mimi mdogo wako,
Ngongoti