Weusi wa Sarafu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari ameacha kunitajia miezi. Sasa anasema "tutaona". Basi niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nasugua sarafu. Ninazo saba, za fedha, alizoniachia mama. Ziko kwenye kopo la majani ya chai chini ya mto wangu. Wosia unasema nyumba ni ya binti yangu na kopo ni la mdogo wangu, sonara. Mimi humwita Mizani. Anadhani ni utani.

Binti akienda sokoni natoa moja, naipaka dawa ya meno, naisugua kwa mswaki mpaka ing'ae kama kijiko kipya. Nilifundisha kemia miaka thelathini na minne, najua ninachofanya. Ule weusi wa miaka ndio wakusanyaji wanaoulipia. Ukiuondoa, umeichuna sarafu ngozi. Inabaki fedha ya kuyeyusha, ya kuuzwa kwa gramu.

Kwa gramu ndivyo Mizani alivyonunua ya kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Mbili zimekwisha. Mkono unatetemeka – kumbe mtetemeko unafaa kwa kusugua.

Niandike lote. Miaka thelathini na mmoja iliyopita mke wangu alilazwa. Nilimpelekea Mizani sarafu ya nane, kubwa kuliko zote, yenye kichwa cha mfalme na msalaba mdogo chini ya shingo. Akaiweka kwenye mizani. Gramu ishirini na nane, kaka. Akanipa bei ya fedha ya siku hiyo, hakuzidisha hata nauli ya kurudi hospitali.

Wiki sita baadaye, mke wangu keshazikwa, nikafungua jarida kwenye maktaba ya shule. Picha ya sarafu ile ile. Zenye msalaba zinajulikana kumi na moja tu duniani. Moja iliuzwa kwa bei ya nyumba. Mwaka uliofuata Mizani akafungua duka la pili, lenye vioo mpaka chini.

Sikumuuliza kitu. Nilikaa meza ya mbele kwenye harusi za watoto wake, nikacheka vichekesho vyake. Kinyongo nimekilea kuliko nilivyomlea binti yangu. Hakijawahi kuumwa hata siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mizani amekuja na machungwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, anapumua kwa shida kunishinda mimi mgonjwa.

"Kaka, lile kopo hujalichezea?"

"Nitalichezea na mikono gani?"

"Usije ukazisafisha. Hata kwa kitambaa. Watu wananiletea sarafu zinang'aa, wanajisifu, halafu nawaambia wameziua."

"Wanasemaje?"

"Wengine hulia."

Nikamwomba animenyee chungwa. Tamu kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Ya sita. Fizi zinaniuma kwa kukosa dawa ya meno. Binti anashangaa inakwisha upesi hivi, na meno niliyobaki nayo ni manne.

Naiona siku yenyewe. Waombolezaji wametawanyika. Mizani anaketi karibu na dirisha, anavaa ile miwani yake ya kazi, anafungua kifuniko. Nitakuwa sipo. Hilo tu linaniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Ya saba. Tayari.

Jumatatu, 10 Machi

Mizani amerudi bila machungwa. Akafunga mlango. Akanitia mkononi kitu kilichofungwa kwa karatasi. Nilikijua kwa uzito kabla sijakifungua. Mfalme. Msalaba. Nyeusi kama nilivyompa.

Hakuiuza. Anasema hakuujua ule msalaba siku ile. Aliambiwa na mteja miaka mitano baadaye. Akaona aibu. Kila alipotaka kuja, mimi nilikuwa namwita Mizani mbele za watu, naye akahisi najua. Duka la vioo ni la urithi wa mkewe.

"Nilidhani ukinitukana mara moja yataisha. Hukunitukana, kaka."

"Ningekutukana nini?"

"Basi hii ni ya binti yako. Na kopo pia badilisha, apewe yeye. Kwa pamoja zitampa maisha. Mimi sina haki nazo."

Akaomba aone kopo. Nikasema nimechoka. Hilo halikuwa uongo.

Siamini hiyo hadithi ya mteja. Au sitaki kuiamini – nikiiamini, miaka yote hii nilikuwa nafanya nini? Miaka mitano nampa. Hiyo ishirini na sita mingine aliificha kwa aibu tu? Aibu gani hainyanyui mguu kuja kusema?

Lakini wosia nimeubadilisha. Binti alinishikia karatasi nikatia sahihi, hakusoma. Sarafu ya nane nimeitia koponi. Saba zinameta, moja nyeusi. Saba za mwanangu nimeziua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa mswaki wangu.

Jumanne, 11 Machi

Binti alikuwa anabadilisha foronya sasa hivi. Kopo likaanguka. Akaziokota, uso wote unacheka.

"Baba! Kumbe ndiko dawa ya meno inakokwenda?"

Akazigeuza kiganjani moja moja.

"Zimependeza. Ila hii moja umeisahau, tena ndiyo kubwa. Umechoka, ee? Lala. Nitakumalizia."

Kisha akaenda nayo jikoni. Ameimba njia nzima.

Kengele iko hapa mezani, ile niliyotoka nayo shuleni. Nikiigonga atakuja. Ataniuliza kwa nini, na kwa nini hizo saba, na itabidi anisikie yote haya kwa kinywa changu. Nisipoigonga, Mizani atakuja kuiona inang'aa, na safari hii atalia mbele yangu, nikiwa hai.

Niandike ukweli, muda wa mwingine sina: kuna sehemu yangu inayotaka kuusikia mswaki ukianza.

Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto uko juu ya kengele. Maji yamefunguliwa jikoni