Kurasa Ulizozibana, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuandika kabla sijakuamkia.

Tulikuzika hapa hapa Endasak, hatukukupeleka kwenu Iringa. Mama alisema miaka yote uliyofundisha historia hapa imekufanya mtu wa hapa. Kiti chako hakuna anayekikalia.

Jana nilifungua kauntabuku lako, lile daftari la habari za yule Mhispania. Unakumbuka ulivyotusomea Kidato cha Pili? Afisa wa jeshi la majini, alianza kazi ya meli akiwa mtoto, akapigana vita, mwisho akapewa kisiwa huku Afrika akitawale kama gavana. Ulikuwa unatembea kati ya madawati kifua mbele, utadhani meli ni yako. Nilijivuna jamani, baba yangu yule!

Halafu Gidamis akanyoosha mkono. Mtoto wa wafugaji, na kwao walikuwa wametoka kuondolewa kwenye malisho. "Mwalimu, gavana alipofika, wenye kisiwa walienda wapi?" Ukamjibu, "Usinipotezee muda. Toka nje." Akatoka, na shule hakurudi tena, akaenda kuchunga. Mimi nilicheka, Baba. Nilicheka na wenzangu.

Sasa jana nakuta kurasa za mwisho umezibana kwa pini. Nikazifungua. Mwandiko ni wako. Watu wa kisiwa walinyang'anywa mashamba, wakalimishwa kakao, aliyetoroka alichapwa viboko kwa amri ya gavana. Pembeni umeandika kwa wino mwekundu, "Darasani nisisome." Tarehe ni ya wiki moja kabla ya Gidamis kuuliza.

Ulijua! Jibu ulikuwa nalo, ukamfukuza mtoto wa watu. Labda uliogopa mkaguzi, labda ulimpenda mno huyo mzungu wako. Nina hasira na wewe, na hata kukununia siwezi, maana hupo.

Na kaburi lako alilichimba Gidamis huyo huyo. Alikuja kwa miguu kutoka Nangwa, akashika sururu bila kuombwa. Aliponipa pole aliniuliza kama ulilimaliza lile kauntabuku la gavana. Nikasema sijui.

Jumamosi naenda kwake. Nitamsomea zile kurasa zote, watoto wake wakisikia, na sitakutetea. Nakuahidi hilo, ingawa najua ungenikataza.

Pumzika, Baba. Nakupenda bado, na ndiyo maana inaniuma hivi. Nisamehe kwa kukuaibisha, ila msamaha wa Gidamis nitauomba kwanza.

Binti yako,
Neema