Nilinyamaza Mbele ya Jaji Nazeli

Jumatatu, 9 Septemba 2019
Nimechaguliwa! Mmoja wa raia kumi na wawili wa kuamua kesi ya Pruett, dereva wa lori anayedaiwa kuchoma msitu wa serikali. Zabibu ziko juani shambani, mimi nimevaa tai.
Jaji ni Mwarmenia mwenzetu — Nazeli Terzakian. Babu yake alifika hapa kwetu Fresno yatima, akaanika zabibu kama sisi. Yeye alianza kwa kutetea maskini, leo ni jaji wa shirikisho. Kiti cha maisha!
Akatuuliza nani anamjua yeye au familia yake. Nikanyamaza. Damu moja hatuna. Si uongo... au?

Jumanne, 10 Septemba
Mama kamwona jaji gazetini. Eti huyu si binti wa Vahe, aliyeshikwa na baba yako siku ya ubatizo? Ndiye, Mama. Mimi nilishika mshumaa, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kisha wazee wakagombania maji ya shamba, kina Vahe wakahamia Boston. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Hanijui.
Kwetu baba wa ubatizo ni zaidi ya ndugu. Akifa, mwanawe anarithi ubaba huo. Yaani mimi! Jaji akiingia mahakamani tunasimama wote — kumbe kwa mila yeye ndiye anisimamie. Nilicheka peke yangu garini. Halafu aibu.
Kweli ni hii: nilitaka kumwona. Baba alikufa akimtaja.

Alhamisi, 12 Septemba
Mmoja wetu kati ya wale kumi na wawili, muuza matairi, katolewa. Alificha kwamba shemeji yake ni askari wa zimamoto. Jaji hakupaza sauti: "Mzee wangu, nilikuuliza. Hukunidanganya mimi, umemdanganya yule." Akamwonyesha Pruett.
Mtu wa akiba alikuwa mmoja tu, kashachukua kile kiti. Akitoka mwingine, kesi inaanza upya. Pruett ana miezi minane rumande.


Ijumaa, 13 Septemba
Nimewaambia nyumbani nataka kumwambia jaji ukweli. Mama: "Nyamaza, Mihran! Utamharibia mtoto kazi."
Mke wangu Arpi akaweka kikombe cha kahawa chini, kwa kishindo. "Baba wa ubatizo gani anamvisha mtoto uongo wake?"

Jumatatu, 16 Septemba
Nimempa karani karatasi. "Mheshimiwa, baba yangu ndiye aliyekushika ulipobatizwa. Alishafariki, nimebaki mimi mahali pake. Nisamehe."
Naandika kwenye benchi la korido. Mawakili wameitwa ndani. Mke wa Pruett kaja, blauzi ile ile ya kila siku. "Kaka, mbona hatuanzi?" Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.
Mlango umefunguka. Jaji mwenyewe, karatasi mkononi. Haniangalii mimi, anamwangalia mke wa Pruett.
Watu wote wamesimama. Mimi tu nimebaki nimekaa —