Mtamba Tuliyemtoa kwa Sungusungu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mguu uwe umepungua kuvimba. Mimi nipo. Kikohozi kinanisumbua asubuhi, ila kula napata. Mvua huko zimeanza? Sisi huku tumeshapanda mahindi ya gereza, na mikono yangu iliyozoea nyundo ya duarani, kule kwenye mashimo ya dhahabu, imerudi kwenye jembe nililokuwa nalikimbia. Ungeniona ungecheka.

Dada Kabula alikuja kuniona. Alisafiri siku nzima, tukaongea dakika chache tu. Ameniambia kuna watu Kagongwa wanasema wewe ndiye uliyenifunga, na kwamba tangu yalipokufikia maneno hayo huendi mnadani, chakula unakiacha nusu, na jina langu likitajwa unatoka nje. Imeniuma sana. Ndiyo maana nakuandikia, na anayekusomea asiruke neno.

Rufaa tumeshindwa, Baba. Miaka saba iko palepale.

Kesi yenyewe unaijua. Kule Mwakitolyo lilivunjwa banda la mwenye duara, vikabebwa viroba vitatu vya mawe ya dhahabu. Shahidi wa kuniona alikuwa mmoja, naye aliona mgongo tu, alfajiri, kwa mbali, wa mtu mwenye koti kama langu. Nani pale hana koti kama langu? Nusu ya wachimbaji tuliyanunua gulio moja. Wakili wa msaada, mama mmoja mpole wa sura na mkali wa maneno, aliposoma mwenendo wa kesi aliniambia, "Masanja, hawa hawakuwa na ushahidi wa kukufunga. Wamekufunga kwa mtamba."

Nilimsimulia ilivyokuwa. Kabla sijaenda machimboni, plau ya jirani ilipotea, sungusungu wa kijiji wakanitaja mimi, nikakataa, wakatutenga nyumba nzima. Kisimani hakuna aliyeitikia salamu yetu. Na ndani Mama alikuwa amelala, hawezi hata kugeuka. Wewe na mimi tulijua kwamba akifa tukiwa tumetengwa, hakuna mtu atakayeshika sepetu kuchimba kaburi. Nikasimama mbele yao nikasema nimechukua. Tukatoa mtamba wa faini, wakatuondolea kutengwa. Siku ya tano Mama akafariki, na kijiji kizima kikaja kumzika. Sijawahi kujutia hilo hata siku moja.

Wakili alisikiliza, kisha akanieleza sheria. Mahakama hairuhusiwi kusema kwamba mtu aliiba zamani, kwa hiyo na hii ameiba yeye. Tabia ya jana haithibitishi kosa la leo. Habari ya mtamba isingeingia kabisa. Ila mshtakiwa akileta mtu wa kumsifu kwamba ana tabia njema, hapo upande wa serikali nao unapata ruhusa ya kuleta mabaya yake.

Na sisi tulikuleta wewe, Baba. Sikuwa na wakili wakati ule, nilijitetea mwenyewe, nikafikiri kama tunavyofikiri wote huko nyumbani: mtu akishtakiwa, mzazi wake asimame amsemee. Ulivaa lile koti lako la kanisani. Ukasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Huyu hajawahi kugusa cha mtu tangu azaliwe." Mwendesha mashtaka, kumbe alishaletewa habari za kijijini, akasimama polepole.

"Mzee, mtamba mlimtoa wa nini?"

"Wa sungusungu."

"Mwanao alikiri au hakukiri?"

"Alikiri, lakini mke wangu alikuwa..."

"Nimeuliza kama alikiri."

"Alikiri."

Ulitaka kueleza, hakimu akakwambia umeshajibu. Wewe huwezi kusema uongo hata ukishikiwa panga. Kwenye hukumu yake hakimu aliandika kwamba mtu mwenye mazoea hayo ndiye mwenye koti lile.

Wakili alipambana mbele ya jaji. Alisema sungusungu si mahakama, na kukiri kwa mtu aliyetengwa si kukiri. Jaji alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Alikubali kwamba ushahidi wa namna hiyo kwa kawaida haupokelewi. Lakini akasema mlango tuliufungua wenyewe, na hakimu alikuwa na haki ya kuamini alichokisikia. Nilikuwa nimesimama. Askari akanishika mkono, tukatoka.

Nimeweka dole gumba kwenye kusudio la kwenda Mahakama ya Rufani. Wakili hanidanganyi, anasema nafasi ni ndogo. Sasa hivi siombi hata uje kunisemea, maana huko hawaiti mashahidi, wanasoma karatasi tu.

Nisalimie Kabula, mwambie ile sabuni ilinifaa. Nisalimie shemeji yangu wa Segese na baba mdogo anayekulimia shamba la chini; mwambie asiuze yule dume mwekundu. Mke wangu akija hapo, mpokeeni. Simlaumu kwa kurudi kwao.

Sasa, Baba, wanayokwambia watu ni kweli. Sitakuficha. Maneno yako ndiyo yaliyoleta ule mtamba mahakamani. Nimekasirika, nimelia, kuna wiki nzima sikutaka hata kukukumbuka. Lakini katika maisha yangu yote, kuanzia kwa sungusungu hadi kwa jaji, ni mtu mmoja tu aliyesimama mbele ya watu akasema mimi si mwizi. Wakinirudisha siku ile, na ninavyojua sasa itakavyoisha, wakaniuliza shahidi wangu ni nani, nitawaambia wakuite wewe.

Kula chakula, Baba.

Ni mimi mwanao,
Masanja