Eti Nashangilia Obama

Anitha, gazeti la leo umeliona? Nimo humo na kitenge changu!

Yule mwandishi Mswidi aliyekuja jana kanisani kwetu hapa mtaani Alby aliniuliza kuhusu uchaguzi wa Marekani. Nikamwambia wazi: mimi upande wangu ni chama cha Republican, si cha Obama, mambo ya kutoa mimba sitaki, matokeo yameniuma. Akaitikia tu kwa Kiswidi "ja, ja", yaani ndiyo, ndiyo.

Kumbe alishanipiga picha napiga vigelegele mtoto wa Josiane akibatizwa.

Sasa wameandika: "Waafrika wa Alby washangilia Obama."

Washangilia!! MIMI!! Yaani wakiona ngozi tu wameshajua kura yako?

Nimempigia mchungaji nimlalamikie. Kumbe ameshaibandika picha hiyo ukutani kanisani. Ananiambia, "Hongera dada, mtu wetu kashinda!"